Kihenge cha Mama

Madibira imekaa pale ambapo milima ya Mufindi inakoma na mbuga ya Usangu inaanza kutandaa, na kwa ajili ya makazi hayo ya mpakani jiko la nyumba yetu lilikuwa na asili mbili. Baba alikuwa Msangu wa bondeni, mtoto wa watu waliofuga ng'ombe, waliovua kambale katika vinamasi na kupanda ulezi na mtama kando ya mto Ndembera; mama alikuwa Mhehe aliyeshuka kutoka nchi ya baridi, nchi ya mahindi, maharage, njegere, viazi na mianzi ya ulanzi. Alipoolewa alikuja na mtungi wake, ungo wake na maarifa yake, akamkuta mama mkwe naye ana maarifa yake, na wanawake wale wawili, ambao walihitilafiana katika kiasi cha chumvi, katika namna ya kukausha mboga, na hata katika saa ya kuwasha moto wa jioni, hawakuhitilafiana hata siku moja katika jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni kwamba chakula cha nyumba hutengwa kwanza, kabla senti moja ya mazao haijapokewa kutoka mkononi mwa mnunuzi.

Watu wa rika langu wakikutana siku hizi hupenda kuzungumza juu ya ladha za zamani, wakasema ugali wa sasa hauna harufu, na kuku wa sasa hawana mchuzi, na maziwa ya sasa yametiwa maji. Mazungumzo hayo nayapenda, lakini naona yanagusa sehemu ndogo ya jambo lenyewe, kwa kuwa ladha ilikuwa tunda la nidhamu ndefu iliyoanzia shambani, ikapita ghalani, ikafika jikoni, na kuishia katika namna ya kunawa, ya kukaa, ya kugawa na ya kumkaribisha mtu asiyetarajiwa. Nidhamu hiyo ilikuwa na watu walioishika, nao kwa kawaida walikuwa wanawake, na ilikuwa na mahali pake pa hukumu, napo palikuwa mlangoni pa kihenge.

Nianze na unga, kwani huo ndio uliokuwa msingi wa siku. Mahindi yalikobolewa kinuni, yakinyunyiziwa maji kidogo ili pumba itengane na kiini, kisha yakapepetwa na kulowekwa mtungini siku kadhaa mpaka yakalainika na kuanza kutoa harufu ya uchachu, ndipo yakaoshwa, yakachujwa, yakatwangwa, yakachekechwa, na unga ule uliokuwa mweupe na laini ukaanikwa juu ya jamvi, huku mtoto amewekwa kando yake na ufito wa kufukuzia kuku. Pumba haikutupwa, nyingine ilikwenda kwa kuku, nyingine ikasubiri kupikiwa pombe. Ugali wa sembe ile ulikuwa na uchachu wa mbali sana ambao mashine haiwezi kuuleta, na ulikula siku nyingi za kazi ya mwanamke, nami siwezi kusifu ladha yake bila ya kutaja migongo iliyoinama juu ya kinu ili ladha hiyo ipatikane. Mashine ya kusaga ilipofika kijijini mama alishukuru kwa dhati, na shukrani yake ilikuwa ya haki.

Kitoweo kilifuata majira. Katika miezi ya mvua, tangu Desemba hata Februari, wakati akiba inapungua na shamba bado ni la kijani, ndipo pori la miombo lilipotulisha: uyoga uliookotwa alfajiri, kumbikumbi waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na majani ya maboga, ambayo mtoto alifundishwa kuyavua nyuzi zake kuanzia kwenye kikonyo, polepole, jani moja baada ya jingine, kabla hayajakatwakatwa na kupikwa na karanga zilizotwangwa. Majani ya kunde yaliyozidi yalichemshwa, yakakamuliwa, yakaanikwa juu ya paa hata yakawa meusi na mepesi, kisha yakawekwa kwa ajili ya kiangazi. Upande wa baba ulileta samaki. Kambale alipasuliwa tumboni, akakunjwa hata mkia ukakutana na kichwa, akachomekwa kijiti ili asikunjuke, akalazwa juu ya kichanja chenye moshi mchana kutwa na usiku wake, na kambale wa namna hiyo aliweza kungoja miezi. Bibi alimpika kwa maji kidogo na karanga nyingi, akasisitiza kwamba samaki wa moshi hapatani na mafuta. Maziwa yalikaa katika kibuyu kilichofukizwa, yakaganda, yakaliwa na ugali wa ulezi, na mtu aliyekula hivyo asubuhi alikwenda shambani bila ya kuuliza habari za chakula cha mchana.

Lakini kitu ambacho ningependa kila msomaji akijue barabara ni togwa, maana ndani yake mmekusanyika elimu kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mama alichagua ulezi mzuri, akauloweka usiku mmoja, akauweka katika kikapu kilichotandikwa majani, akaufunika na kuunyunyizia maji mpaka ukachipua vijimizizi vyeupe vilivyoshikana. Hapo akauanika juani ukauke, akausaga juu ya jiwe, na unga ule mwekundu wenye harufu ya utamu ndio kimea. Kisha alipika uji wa mahindi, mzito kiasi cha mwiko kusimama, akaumimina katika chungu na kuungoja upoe, akiujaribu kwa mgongo wa kidole, kwa sababu uji wa moto mno huua nguvu ya kimea na uji uliopoa kabisa hauitikii. Ulipofika joto alilolitaka alitia kimea akakoroga, na pale pale, mbele ya macho yetu, uji ule uliokuwa umeshika mwiko ukaanza kulegea, ukawa laini, ukamiminika kama maziwa, na haukuwa umetiwa hata tone la maji. Tulikunywa sehemu jioni ile ungali mtamu. Sehemu nyingine ililala chunguni, na kesho yake ilikuwa imechachuka kidogo na kuburudisha zaidi.

Wataalamu wametueleza sababu. Mbegu inayochipua hutoa vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na vijidudu vya uchachu vinavyofuata hutengeneza asidi inayovizuia vijidudu vya kuharisha. Maana yake ni kwamba mtoto mdogo, ambaye tumbo lake halina nafasi ya kutosha, akipewa uji mwepesi wa kawaida hushiba maji, lakini akipewa uji mzito uliolegezwa kwa kimea hupata unga mwingi zaidi katika kikombe kile kile. Habari hiyo ilipata kuchunguzwa na kuenezwa na Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoanzishwa mwaka 1973, na ilipoanza mipango ya lishe ya mkoa wa Iringa mwaka 1983, kwa ushirikiano wa serikali yetu na mashirika ya Umoja wa Mataifa, ambapo watoto walipimwa uzito kijijini na wazazi wakajadiliana hali zao hadharani, mafunzo ya kumlisha mtoto mara nyingi na kuuongezea uji wake nguvu yalikuwa miongoni mwa yale yaliyotiliwa mkazo. Jamaa za mama waliokuwa huko juu walitusimulia kwamba waliosikiliza kwa makini kuliko wote walikuwa vikongwe, ambao waliyaona maarifa ya bibi zao yakirudi yamevaa koti jeupe.

Chakula kilikuwa na adabu zake, na adabu hizo zilipimwa hasa kwa mgeni. Mtu alipopiga hodi aliamkiwa, kwa lugha ya mama "Kamwene" na yeye akajibu "Kamwene", akapewa kigoda, akaletewa togwa katika kata kabla hajaulizwa habari ya safari yake. Kumuuliza mtu shida yake akiwa na kiu kulihesabiwa kuwa ufidhuli. Maji ya kunawa yaliletwa na mtoto mdogo kuliko wote, akapiga goti, akaanzia kwa mgeni, akafuatia kwa mkubwa wa nyumba. Wanaume na wavulana walikula barazani, wanawake na wasichana jikoni, na ukoko wa sufuria ulikuwa haki ya wadogo. Mkwe wa kiume hakula mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe mbele ya mkwe, na staha hiyo ilichukuliwa kwa uzito hata mtu aliyekuwa na njaa kali aliweza kuzunguka njia ya mbali ili asikutane na mkwewe. Palipotokea msiba jiko la wafiwa lilipoa, na majirani wakaja na unga, kuni, maharage na maji, wakapika wao, kwa imani kwamba aliyefiwa hapaswi kuhangaika na moto. Na palipokuwa na shamba kubwa la kulima, mwenye shamba aliita mgowe: akapika pombe na togwa, watu wakaja na majembe yao, wakalima hata jua likapinda, wakanywa, wakaimba, wakaondoka, naye akabaki na deni la kwenda kwa wenzake siku watakapoita.

Ulanzi ulikuwa na sura yake katika habari hizi, ingawa ulitoka kwa wajomba. Mwanzi mchanga hukatwa ncha katika miezi ya mvua, ukafungiwa kikombe cha mwanzi kiitwacho mbeta, na maji yake yakachuruzika humo. Mgemaji huenda asubuhi na jioni kukusanya na kuchonga upya jeraha. Ukinywewa siku ile ni mtamu na hata mtoto hupewa. Ukikaa huwa mkali. Mjomba alipotutembelea alibeba ulanzi kwenye vibuyu kuteremka mpaka bondeni, akafika nao ukiwa umekwisha geuka tabia njiani, na baba aliupokea kwa taadhima ileile, kwa kuwa zawadi ya ukweni haikosolewi.

Si kila mila ilikuwa njema, na mtu anayezipenda kwa kweli hana budi kusema hivyo. Yai lilikatazwa kwa mwanamke na kwa mtoto, firigisi ilikuwa ya baba peke yake, na katika sahani ya barazani mtoto alimegea ugali wake katika mchuzi, akingoja mkubwa agawe nyama, ambayo aghalabu ilimfikia ikiwa mfupa. Mwenye mimba aliyehitaji nguvu kuliko wote ndiye aliyezuiliwa vitu vingi kuliko wote. Katazo la mayai lilipoanza kulegea, nalo lililegea kwa juhudi za wakunga na manesi wa zahanati waliokwenda nyumba kwa nyumba, hatukupoteza kitu ila dhuluma. Natamka hili wazi ili msomaji asifikiri kwamba namwomba arudi kinyumenyume katika kila jambo la wazee.

Sasa nirejee kwenye kihenge. Kilisukwa kwa fito na mianzi, kikakandikwa udongo, kikainuliwa juu ya mawe ili mchwa na unyevu visikifikie, kikaezekwa kofia ya nyasi iliyoweza kuinuliwa. Mavuno yalipokwisha, bibi na mama walikaa chini na debe. Hesabu ya bibi, ambaye hakupata kusoma hata darasa moja, ilikuwa hivi: nyumba ya watu sita hula karibu debe moja la nafaka kwa juma, na mwaka una majuma hamsini na mawili, kwa hiyo madebe hamsini na mawili yaliingia kwanza, ambayo kwa magunia ya leo ni kama tisa au kumi. Yakafuata madebe ya wageni na ya misiba, ambayo hayakuhesabiwa kuwa ya nyumba hata kama nyumba ilipungukiwa. Mbegu haikuingia humo kabisa. Masuke yaliyochaguliwa yalifungwa yakaning'inizwa juu ya moshi wa jikoni. Baada ya hayo yote, kilichobaki nje ndicho ambacho baba alikuwa na hiari nacho, akiuze, akitolee mahari, akinunulie ndama, na hapo hapakuwa na mwanamke wa kumuuliza.

Mwanamume hakufunua kihenge. Baba, aliyekuwa mkali na mwenye sauti kubwa, alipotaka nafaka kwa haja yoyote alikuja mpaka mlangoni pa jiko, akasimama nje, akasema, "Mama, naomba mnitazamie kama kuna chochote." Bibi alimjibu ama "Kipo, baba," ama "Cha watoto tu, baba," na jibu hilo la pili lilikata shauri. Utotoni niliona ni ajabu kwamba mtu mwenye ng'ombe na mashamba aombe ruhusa kwa mama yake na mkewe kwa habari ya debe la ulezi. Baadaye nilifahamu kwamba heshima ile ilikuwa ulinzi wetu, maana anayepika kila siku ndiye pekee ajuaye kwa yakini ni vinywa vingapi vinavyongoja na ni siku ngapi zimebaki hata mavuno, na si busara kumpa mtu mwingine mamlaka ya kuuza kitu ambacho hajui urefu wa haja yake.

Mwaka 1974 ulinifundisha hayo kwa nguvu. Ulikuwa mwaka ambao watu wa mikoa yetu walikuwa wakihamishwa kuingia katika vijiji, na mvua zilikuwa haba katika sehemu nyingi za nchi, hata serikali ikalazimika kununua mahindi ng'ambo na unga wa njano ukaanza kuonekana madukani. Bibi hakukubali kuhama kabla ya nafaka. Ilishushwa, ikatiwa magunia, ikatangulia, na kihenge chenyewe kikabebwa na vijana kikiwa kizima, yeye akikifuata nyuma kwa miguu. Tulikula kwa kipimo mwaka ule. Asubuhi uji, jioni ugali, mchana kiporo kama kilibaki. Lakini tulikula, na jirani ambao walikuja na vikapu vitupu hawakuondoka navyo vikiwa vitupu, kwa kuwa madebe ya wageni yalikuwemo.

Mpunga haukuwa mgeni kabisa kwetu, lakini ulikuwa chakula cha sikukuu. Wabaluchi waliohamia Usangu wakati wa utawala wa Waingereza ndio waliotangulia kuulima kwa mifereji pande za Rujewa. Katika miaka ya 1970 likajengwa shamba la serikali la Mbarali kwa msaada wa China. Baadaye likafuata la Kapunga. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa Madibira, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulifungua kiasi cha hekta 3,000 zinazonyweshwa na maji ya Ndembera, wakulima wakagawiwa mashamba ya hekta moja moja chini ya chama chao cha ushirika. Mtu aliyeiona Madibira ya zamani akaja kuiona leo hawezi kuikana neema hiyo. Mabati yameezekwa palipokuwa na nyasi, watoto wamesomeshwa mpaka vyuo vikuu, na jina la kijijini kwetu linatajwa masokoni Dar es Salaam na mtu anayepima mchele kwa mizani. Wali wa Idi na wa Krismasi sasa huliwa siku yoyote ambayo mwenye nyumba ana uwezo.

Hata hivyo mpunga uliingia nyumbani kwa mlango tofauti. Ulezi na mtama vilipitia jikoni kabla ya kufika sokoni. Mpunga hutoka majarubani, ukapurwa, ukaingia gunia, na malori yanangoja barabarani, na madalali wana fedha taslimu mkononi, na mwenye deni la mbolea na la trekta anafuatwa na mdai wake. Mara nyingi huuzwa siku ileile, kwa lumbesa, gunia limeshonewa kichwa kizima cha ziada ambacho hakilipwi, katika Juni na Julai ambapo kila mtu anauza na bei iko chini. Fedha hiyo huingia mfukoni mwa baba. Hununua pikipiki, hununua runinga, na wakati mwingine hununua jambo lisilosemeka; kisha inapofika Januari, mwanamke wa nyumba ile iliyovuna magunia kwa makumi huonekana dukani akinunua sembe kilo kwa kilo, na mchele kwa kibaba, kwa bei ambayo yule aliyenunua mazao yake mwenyewe ndiye aliyeipanga. Sijaisoma habari hii mahali popote. Nimeiona kwa majirani zangu, kwa jamaa zangu, mwaka baada ya mwaka.

Kitoweo nacho kimebadilika. Vinamasi vya Ihefu vilipowekwa chini ya ulinzi, wafugaji wakaondolewa mwaka 2006 na eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, nia ikiwa kuuokoa mto Ruaha Mkuu uliokuwa umeanza kukauka wakati wa kiangazi, kambale wa moshi akawa adimu katika sahani zetu, na nafasi yake ikachukuliwa na dagaa wa maziwa ya mbali. Dagaa ni chakula chema, kwa mtoto hasa, na ningefurahi kama wangepikwa mara nyingi zaidi. Tatizo ni kwamba hununuliwa kwa fedha, na fedha tumekwisha kuona inakokwenda.

Nimepata kusoma habari za mapishi ya watu wa Latvia, nchi ndogo ya kaskazini ya Ulaya, kando ya Bahari ya Baltiki, ambayo theluji huifunika kwa miezi, na nikashangaa kwa jinsi nilivyoona ndani yake sura ya bibi yangu. Chakula chao kikuu ni mkate mweusi wa rai, nafaka ya jamaa ya ngano inayovumilia baridi na ardhi hafifu, na kwa desturi yao ya zamani kipande cha mkate kikianguka chini huokotwa na kubusiwa. Magamba ya mkate yaliyokauka hayatupwi. Huchemshwa na matunda makavu yakawa mchuzi mtamu, ukaliwa na malai. Kabichi huchachushwa ndani ya mapipa, uyoga hukaushwa, na usiku wa Krismasi huliwa njegere zao za kijivu pamoja na nyama ya nguruwe ya kukaushwa, na kila mtu hana budi kumaliza zake, kwa kuwa punje inayobaki, wanasema, ni chozi la mwaka ujao. Watu hao wamepitia mengi: mwaka 1949 peke yake zaidi ya 40,000 walichukuliwa makwao kwa nguvu wakapelekwa Siberia. Aliyepita huko hawezi kuuona mkate kuwa kitu kidogo, na watoto wake waliokula mezani pake wamejifunza hivyo bila ya somo. Nilipoyasoma hayo nilifahamu kwamba akiba ya chakula na heshima ya chakula ni kitu kimoja, na kwamba watu wa baridi na watu wa ukame wamekutana katika hekima hiyo bila ya kuonana.

Sisi, ambao hatuna theluji, tuna ushahidi wetu ulio mbele ya macho. Mikoa yetu ya nyanda za juu ni ghala la nchi; mahindi yake, mpunga wake, viazi na maharage yake hulisha miji. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu, na Njombe na Rukwa hazikuwa mbali. Mkoa wetu wa Mbeya hauwezi kujitenga na jirani zake kwa majivuno. Watoto hao wanaishi kati ya mashamba yaliyojaa. Sababu ni nyingi, na wataalamu wanazitaja: mama anayerudi kutoka shambani jioni amechoka, uji mwepesi usio na kitu, maji machafu, maradhi ya kuhara, mimba zinazofuatana. Sibishani nao. Naongeza tu yale niliyoyashuhudia, kwamba katika nyumba nyingi mtu anayejua haja ya mtoto si yule anayeamua habari ya gunia, na kwamba kimea, ambacho gharama yake ni ulezi kidogo na subira, kimesahauliwa na wasichana wanaozaa leo, ambao mama zao walikuwa wakikitengeneza kila juma.

Katika nyumba yangu mimi na mwenzangu tumeirudisha hesabu ya bibi. Kihenge hatuna, tuna stoo ya matofali yenye mlango wa chuma, na magunia yamewekwa juu ya mbao yasiguse sakafu. Mavuno yanapoingia, la kwanza tunalofanya ni kutenga mpunga wa kukoboa na mahindi ya mwaka, kisha fungu la wageni na la misiba, na ndipo simu ya dalali hupokelewa. Mwaka ambao deni lilikuwa zito tuliuza ndama tukakiacha chakula. Mke wangu huotesha kimea katika ndoo ya plastiki iliyotobolewa, akakisaga mashineni, na wajukuu wetu hunywa togwa asubuhi pamoja na yai, ambalo bibi yangu asingewaruhusu kuligusa. Yapo matatizo: vijana wanaona ni jambo la kizamani, na jirani mmoja aliniambia kwa uso mkavu kwamba mwanamume asiyeshika ufunguo wa stoo yake amekwisha. Nilimjibu kwamba baba yangu hakuwahi kuushika, na hapana aliyethubutu kumwita aliyekwisha.

Nawaomba kina baba wenzangu wa Madibira, na wa Mbarali nzima, na wa Mufindi na Kilolo kwa wajomba zangu: msimu huu wa mavuno, kabla turubai la lori halijafunguliwa, mwiteni mama wa nyumba, kaeni naye na debe, hesabuni vinywa na majuma, ongezeni fungu la mgeni, na kilicho cha nyumba kiingie ndani. Ufunguo aushike yeye.